Andiko la kwanza baada ya programu ya usalama wa akili mnemba: nilitoe sasa, nisubiri, au niachane nalo?

Swali

"Nimemaliza programu ya majira ya joto ya usalama wa akili mnemba, wiki kumi. Mradi wangu ulikuwa kutengeneza kichunguzi kinachosoma ishara za ndani za modeli ya lugha na kusema kama modeli inatoa jibu la uongo kwa makusudi. Kwenye modeli ya kwanza kilifanya vizuri sana. Wiki ya mwisho tukakijaribu kwenye modeli ya pili, kikaanguka. Mshauri wangu alisema kazi inafaa kuchapishwa, lakini programu imekwisha na sasa barua pepe zangu anazijibu baada ya wiki mbili. Kwa sasa sipo chuo chochote, na kompyuta tulizokuwa tunatumia tumefungiwa. Kuna mwenzangu nilianza naye kisha akahamia mradi mwingine. Sijui kama jina lake linapaswa kuwemo. Wapo wanaoniambia bila kongamano la NeurIPS andiko halina maana, na wapo wanaoniambia niliweke leo hii kwenye arXiv, ile hifadhi ya mtandaoni ya maandiko, kabla sijatanguliwa. Halafu data yetu ina maelekezo ya kuifanya modeli idanganye, naogopa kuwapa watu wabaya silaha. Nilitoe sasa, nisubiri, au niachane nalo?"

Jibu

Ndugu yangu, usiachane nalo, na usilitoe leo. Katikati ya hayo mawili kuna kazi ya mwezi mmoja hivi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inawezekana bila mashine kubwa na bila kumsubiri mtu.

Umeuliza mengi, lakini naona wasiwasi wako mkubwa unatoka mahali pamoja: kile kichunguzi kilipoanguka kwenye modeli ya pili. Unaandika kana kwamba wiki ya mwisho imefuta wiki zote zilizotangulia, na sasa huna budi kuchagua kati ya kukimbia na ulichonacho au kukitupa. Nataka tuanzie hapo, maana ukilielewa tukio hilo, maswali mengine yatajibika kwa urahisi zaidi.

Tazama kichunguzi chako kinafanya nini hasa. Modeli imejengwa kwa matabaka ya hesabu, na inaposoma maneno, kila tabaka hutoa safu ndefu ya namba. Wewe unachukua namba za tabaka moja, unazipanga katika makundi mawili, za majibu ya kweli na za majibu ya uongo, kisha unaiachia hesabu itafute mstari unaoyatenganisha. Hesabu hiyo haijui uongo ni nini. Inadaka tofauti yoyote iliyo rahisi kupatikana kati ya makundi yale mawili. Kama majibu yenu yote ya uongo yalitokana na maelekezo ya aina ya "jifanye wewe ni muuzaji anayeficha kasoro", na majibu ya kweli yakatokana na maelekezo ya kawaida, basi kichunguzi kinaweza kuwa kinatambua maelekezo ya kuigiza tu, na uongo wenyewe hakijawahi kuugusa. Matokeo yatapendeza vilevile. Hata ukikipima kwa mifano ambayo hakijawahi kuiona, kitafaulu, kwa sababu mifano hiyo nayo imetengenezwa kwa mtindo uleule.

Kwa hiyo kuanguka kwenye modeli ya pili kunaweza kuwa na sababu tatu zilizo tofauti kabisa. Huenda kichunguzi hakikuwahi kugusa uongo, hata kwenye modeli ya kwanza. Huenda kiliugusa, ila modeli ya pili inaubeba kwenye tabaka jingine, nanyi mkatumia nambari ya tabaka ileile. Au huenda modeli ya pili haikuwa inadanganya kwa makusudi: ilikosea tu, au ilikataa kuigiza, na nyinyi mkayahesabu majibu yake kuwa ya uongo. Hii ya tatu husahaulika mno. Kabla ya kufanya kitu kingine chochote, fungua majibu mia ya modeli ya pili uyasome kwa macho yako, moja baada ya jingine. Ni kazi ya mchana mmoja, na mara nyingi humfundisha mtafiti mengi kuliko jedwali lolote.

Baada ya hapo fanya majaribio machache ya kutenganisha sababu hizo. Kwanza, funza kichunguzi kilekile kwa lebo, yaani zile alama za "kweli" na "uongo", ulizozichanganya kwa bahati nasibu. John Hewitt na Percy Liang walilisisitiza wazo la namna hii mwaka 2019: kama kichunguzi kinaweza kujifunza hata kazi isiyo na maana yoyote, kufaulu kwake kwenye kazi yako hakuthibitishi mengi. Pili, jenga kilinganishi kinachotumia maneno ya maandishi peke yake bila kugusa namba za ndani. Kikikaribia kichunguzi chako, hapo uongo haukutambuliwa, yametambuliwa maneno. Tatu, kwenye modeli ya pili pitia matabaka yote, lakini chagua tabaka kwa sehemu moja ya data na upime kwa sehemu nyingine, la sivyo utakuwa unajichagulia bahati. Nne, andaa seti ndogo ya uongo wa aina tofauti kabisa, usio wa kuigiza, uone kichunguzi kinasemaje.

Na kompyuta? Sehemu pekee inayohitaji mashine nzito ni kuipitisha data kwenye modeli mara moja na kuhifadhi zile namba. Zikishahifadhiwa, kufunza vichunguzi vya mstari ni kazi ya kompyuta ya kawaida ya mkononi. Kama namba za modeli ya kwanza bado unazo, nusu ya orodha hii unaweza kuianza leo. Kwa zilizobaki, waandikie waandaaji wa programu uombe saa chache za mashine, ukitaja hasa utafanya nini nazo. Programu kadhaa za mafunzo ya utafiti wa usalama wa akili mnemba, MATS ikiwemo, zina kipindi cha nyongeza kwa washiriki wanaoomba na kukubaliwa, na hata zisizo nacho huwa na msaada mdogo kwa mtu mwenye mpango ulioandikwa.

Jambo moja la takwimu, kwa sababu huwaangusha wengi kwenye andiko la kwanza. Ukipima kwa mifano 200 na kupata usahihi wa asilimia 90, kutokuwa na uhakika kwako ni kama pointi nne za asilimia juu na nne chini. Kwa mifano 50 inakuwa kama nane. Na hapo ni iwapo mifano yako inajitegemea. Kama imetokana na violezo kumi tu vya sentensi, hali ni mbaya zaidi ya hapo, na njia nzuri ni kuviacha violezo vizima nje ya mafunzo wakati wa kupima. Andika mipaka hiyo kwenye kila mchoro. Mhakiki makini huitafuta kabla ya kusoma maneno.

Sasa tuseme umefanya yote na umegundua kwamba kichunguzi kilikuwa kinatambua maigizo. Je, bado kuna andiko? Lipo, na nadhani ni bora kuliko lile ulilokuwa unaliota mwanzoni. Mwaka 2023 Benjamin Levinstein na Daniel Herrmann walichukua mbinu mbili za kusoma ukweli ndani ya modeli za lugha, mbinu ambazo zilikuwa zimeshatoka na kusifiwa, wakaonyesha kwamba haziwezi kuhamishwa salama hata kwenye mabadiliko madogo kama sentensi za kukanusha. Kazi yao ilikuja kuchapishwa kwenye jarida la falsafa linaloheshimika, na hadi leo anayeandika juu ya vichunguzi vya uongo hulazimika kuijibu. Katika fani yetu matokeo ya namna hiyo yana uzito wa pekee: mtu akikiamini kichunguzi kibovu na kukiweka kuwa mlinzi wa mfumo unaotumiwa na watu, atalala akidhani analindwa. Kumwonya mtu huyo ni kazi ya usalama kwa maana kamili.

Kinachotakiwa ni dai moja, dogo, linalosimama. Lijaribu kwa sentensi moja kabla ya kuandika ukurasa wowote. Kwa mfano: "Vichunguzi vya mstari vilivyofunzwa kwa uongo wa kuigiza hutambua maelekezo ya kuigiza, na hupoteza uwezo wao maelekezo hayo yanapoondolewa." Sentensi hiyo inakuambia ni michoro gani unaihitaji na ni jaribio gani bado hujalifanya. Ukishindwa kuiandika, bado hauko tayari kuandika andiko, na hakuna aibu hapo. Rudi kwenye data. Ukiweza, chora mchoro mkuu kwanza, kisha maelezo yake, kisha matokeo, kisha njia. Ikisiri iache mwisho. Na kila kazi unayoinukuu ifungue mwenyewe uisome, hasa kama ulisaidiwa na modeli ya lugha kuandika, kwa sababu modeli hizo hubuni marejeo yasiyokuwepo, na jina lililo juu ya andiko ni lako.

Tuje kwenye NeurIPS. Ni kongamano kubwa na zuri, lakini yule aliyekuambia kwamba bila hilo andiko halina maana hajakutendea haki. Mwaka 2025 lilipokea zaidi ya maandiko 21,000 na kukubali takriban robo. Wahakiki ni watu wa kujitolea wenye wiki chache na mafungu ya maandiko mezani. Mwaka 2014 waandaaji wenyewe walifanya jambo la kijasiri: walichukua maandiko 166 wakayapeleka kwa kamati mbili zisizowasiliana. Kamati hizo zilitofautiana katika takriban robo ya maandiko, na zaidi ya nusu ya yale yaliyokubaliwa na kamati moja yalikataliwa na nyingine. Walirudia mwaka 2021, hali ikawa karibu ileile. Wahakiki wanajua kulikamata andiko bovu kabisa. Wanapotofautiana ni kwenye kundi kubwa la katikati, na andiko la kwanza la mtu kwa kawaida huwa humo. Wazo la kuifunza modeli ndogo kwa kuiga modeli kubwa, la Geoffrey Hinton, Oriol Vinyals na Jeff Dean, lilitolewa kwenye warsha ya kongamano hilohilo mwaka 2014, na leo linatumika kila mahali. Kwa hiyo jibu la kukataliwa lisome kwa makini, rekebisha yenye haki, na usilichukue kuwa hukumu juu yako.

Kwa hali yako ningeanza na warsha. Makongamano makubwa huwa na warsha za siku moja zenye mada finyu, zikiwemo za usalama na za kuelewa undani wa modeli. Andiko la warsha mara nyingi ni kurasa nne hadi nane, na warsha nyingi hazihesabu kulipokea kuwa uchapishaji rasmi, hivyo toleo kamili unaweza kulipeleka kwingine baadaye. Hilo litazame kwenye maelezo ya kila warsha, usilikisie. Zaidi ya yote utapata wahakiki wanaoijua mada yako, na kama utaweza kuhudhuria, watu watakaosimama mbele ya bango linaloeleza kazi yako na kukuuliza maswali magumu ana kwa ana. Faida hiyo kongamano kuu haliizidi sana.

Baada ya warsha, njia ninayoipenda kwa kazi ya aina yako ni TMLR, jarida la utafiti wa ujifunzaji wa mashine lililoanza mwaka 2022. Linapokea maandiko mwaka mzima, halitozi ada, na wahakiki wake huulizwa mambo mawili: je, madai yanaungwa mkono na ushahidi, na je, kuna wasomaji wa fani hii watakaopendezwa nayo? Hawaulizwi kama kazi ni ya kutikisa dunia. Andiko lenye dai dogo na ushahidi imara hutendewa haki pale. Ukitaka kongamano kuu, ICLR hupokea maandiko mwishoni mwa Septemba hivi, ICML mwishoni mwa Januari, NeurIPS mwezi Mei. Kumbuka huruhusiwi kupeleka andiko moja sehemu mbili rasmi kwa wakati mmoja. Na ukipata barua pepe ya jarida usilolijua likikusifu na kukuomba ada ili wakuchapishe ndani ya wiki, ifute.

Kuna mtego mmoja kwa mtu asiye na chuo. Warsha na makongamano mengi hupokea maandiko kupitia mfumo wa OpenReview, na anayefungua akaunti bila barua pepe ya taasisi huhakikiwa na watu kwanza. Inaweza kuchukua hadi wiki mbili. Fungua akaunti yako wiki hii, hata kama bado hujaandika sentensi moja.

Na arXiv? Ilianzishwa mwaka 1991 na Paul Ginsparg ili wanafizikia wagawane maandiko kabla hayajachapishwa, na bado kazi yake ni hiyo. Wasimamizi wake hutazama kama andiko ni la kitaaluma na liko kwenye fani sahihi, hawahakiki matokeo. Kuwa pale hakumaanishi kwamba kazi imethibitishwa. Mwandishi mpya huhitaji kudhaminiwa na mtu aliyekwisha kuweka maandiko kwenye fani hiyo, au mwandishi mwenza mwenye sifa hizo aliwasilishe yeye. Na tafadhali lijue hili kabla ya kubonyeza: unaweza kuongeza toleo jipya, unaweza hata kulitangaza kuwa limeondolewa, lakini toleo la kwanza hubaki wazi kwa yeyote. Ndiyo sababu nimekuambia usilitoe leo. Ungeweka dai la wiki ya tisa ukijua jambo la wiki ya kumi.

Hofu ya kutanguliwa naielewa, na fani hii inakwenda mbio kweli. Lakini kazi mbili zilizotoka kwa kukaribiana mara nyingi huchukuliwa kuwa sambamba, na makongamano huwaelekeza wahakiki wasikuadhibu kwa kazi iliyotoka miezi michache iliyopita. Mtu mwingine akitoa kichunguzi kinachofaulu kwenye modeli moja, wewe mwenye maelezo ya kwa nini kinaanguka kwenye nyingine utahitajika zaidi.

Kuhusu mshauri wako, kuchelewa kwake nisingekutafsiri kuwa kukupuuza. Programu ikiisha, washauri wengi hurudi kwenye ajira zao. Msaidie akujibu. Mtumie ukurasa mmoja: dai lako kwa sentensi moja, mchoro mmoja, majaribio manne yaliyobaki, warsha unayoilenga na tarehe yake. Kisha muulize maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana. "Unaonaje?" ni swali linalohitaji saa nzima, ndiyo maana linasubiri wiki mbili. Mwambie pia utaendelea na majaribio wakati unamngoja. Jambo moja tu huwezi kulifanya bila yeye: kuweka jina lake juu ya andiko ambalo hajalisoma na kuliridhia. Kila mwandishi huwajibika kwa kilichoandikwa, na ridhaa yake iwe kwa maandishi.

Mwenzako aliyehama muulize mwenyewe, mapema, kabla ya rasimu. Kanuni inayotumiwa sana kwenye majarida ya tiba hudai mchango wa maana kwenye wazo, data au uchambuzi, pamoja na kushiriki kuandika au kupitia andiko, kuliridhia, na kukubali kuwajibika. Kama yeye ndiye aliyejenga nusu ya data unayoitumia, mpe nafasi ya kutimiza hayo mengine. Mwalike apitie rasimu. Kama mlijadiliana wiki ya kwanza tu, shukrani mwishoni mwa andiko zinatosha. Katika fani yetu jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya kazi kubwa, la mwisho la mshauri. Nikiwa na shaka, mimi huelekea upande wa kumjumuisha mtu.

Hofu yako kuhusu data imenifurahisha, maana inaonyesha unafikiri kama mtu wa fani hii. Maelekezo ya kuiambia modeli iigize mwongo yanajulikana na kila anayeitumia. Kuyatoa hakumwongezei mtu mbaya uwezo wowote, na kuyaficha kutawazuia wengine kuirudia kazi yako. Hali ingekuwa tofauti kama mmegundua njia ya kuvunja vizuizi vya modeli zinazotumiwa na umma. Hapo kampuni husika huarifiwa kwanza. Andy Zou na wenzake, walipopata mwaka 2023 njia ya kutengeneza kwa hesabu maneno yanayovunja vizuizi hivyo, waliziarifu OpenAI, Google, Meta na Anthropic kabla ya kutoa andiko lao.

Hilo la mwisho ni mojawapo ya mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Ukihisi hata kidogo kwamba mmegundua kitu cha hatari, zungumza na waandaaji wa programu kabla ya kumwonyesha mtu mwingine. Fanya hivyo pia kama ulisaini mkataba unaotaja umiliki wa matokeo, au kama mwenzako hatakubaliana nawe kuhusu majina; mambo hayo yanahitaji mtu wa kati anayewajua nyote wawili.

Na kabla ya kuwasilisha popote, mtafute mtu mmoja uliyekuwa naye kwenye programu, ambaye hakuugusa mradi wako, mkae pamoja au kwa simu ya video, aendeshe msimbo wako kwenye kompyuta yake wewe ukiwa umenyamaza. Andika kila mahali anapokwama. Akifika mwisho akapata mchoro wako mkuu uleule, peleka.